Mchoro wa kiufundi unapokataa: dalili, chanzo na tiba kwa mwanafunzi anayeanza

Kila muhula unapoanza, kwenye madarasa ya ufundi ya Mtwara na Lindi, hakosekani kijana anayeweka penseli chini na kusema, "Mwalimu, mimi sina mkono wa kuchora." Wengine huhama somo kabisa. Inaniuma, kwa sababu karibu kila mara mkono wake hauna kosa lolote.

Mchoro wa kiufundi haudai kipaji cha msanii. Mchongaji wa Kimakonde anaweza kubeba sura kichwani na kuitoa kwenye gogo la mpingo bila kuandika kipimo hata kimoja, kwa kuwa anayewaza na anayechonga ni mtu yule yule. Sisi tunachora ili mtu mwingine, pengine yuko Masasi au Nachingwea na hatutaonana naye, atengeneze kitu kile kile tulichokusudia. Kazi ya namna hiyo inategemea vifaa vilivyo sawa, utaratibu, na kipimo kinachopimwa mara moja tu kisha kikasafirishwa kwa mistari. Yakivurugika hayo, karatasi itaonyesha. Mistari itapishana, duara halitafungika, tundu litaonekana pasipo pake. Kila kasoro ina chanzo chake, na vyanzo vingi unaweza kuvikagua mwenyewe mezani kwako.

Tafuta hapa chini dalili unayoiona kwenye karatasi yako. Usianze kwa kufuta, maana ukifuta kabla ya kujua chanzo utachora kosa lile lile mara ya pili.

## Mistari ya mlalo haiko sambamba, au mstatili unakataa kufunga

Umechora fremu, pande tatu zimekaa vizuri, wa nne unaingia milimita mbili ndani au unatoka nje. Wengi hulaumu macho yao. Kagua kwanza kichwa cha rula T, ile rula ndefu yenye umbo la herufi T inayoteleza kwenye ukingo wa ubao wa kuchorea. Kichwa kinatakiwa kibanwe kwenye ukingo wa kushoto wa ubao kila unapochora mstari, si mara ya kwanza tu. Mkono wa kushoto ubane kichwa, kisha uteleze juu ya rula na kuikandamiza, ndipo wa kulia uchore. Kikiachia upenyo mdogo tu, ncha ya mbali ya rula inapanda au kushuka, na kadiri mstari unavyokuwa mrefu ndivyo kosa linavyokua. Kama unatumia mkono wa kushoto kuchora, geuza yote: kichwa kikae ukingo wa kulia. Cha muhimu ni kutumia ukingo mmoja tu wa ubao tangu mwanzo hadi mwisho. Ukihamishia rula T ukingo wa juu ili upate mistari ya wima, unategemea kona za ubao ziwe pembe mraba kamili, na ubao mwingi hauko hivyo. Mistari ya wima ni kazi ya setiskwea, rula ya pembetatu yenye pembe mraba, iliyokaa juu ya rula T.

Kichwa kikiwa kimebana na tatizo bado lipo, tikisa ubapa wa rula. Ukicheza, skrubu zimelegea. Zikaze, na kama mbao imechakaa kwenye matundu, weka gundi ya mbao kwanza.

Halafu pima unyoofu wa rula yenyewe. Tia nukta mbili kwenye karatasi isiyobandikwa, ziachane kadiri ya urefu wa rula, ziunganishe kwa ukingo ule unaochorea. Sasa zungusha karatasi kichwa chini, lengesha ukingo ule ule kwenye nukta zile zile, unganisha tena. Rula nyoofu itatoa mstari mmoja. Iliyopinda itatoa mistari miwili yenye tumbo katikati, na upana wa tumbo ni mara mbili ya kupinda kwenyewe.

Setiskwea nayo ina kipimo chake, na ningependa kila mwanafunzi akifanye dukani kabla ya kulipa. Ikalishe juu ya rula iliyotulia, chora mstari wa wima. Ifunue upande wa pili kama unavyofunua ukurasa wa kitabu, rudisha ukingo wa wima kwenye nukta ya chini ya mstari ule ule, chora tena. Mistari ikilaliana, pembe ni nzuri. Ikiachana kwa juu, nusu ya mwachano ndiyo kosa la kifaa: mwachano wa mm 2 kwenye urefu wa mm 150 maana yake setiskwea inakudanganya mm 1 kwa kila mm 150. Setiskwea za plastiki nyepesi zikiachwa dirishani juani hupinda upesi. Nyumba nyingi za huku kwetu zinapigwa na jua la asubuhi moja kwa moja, kwa hiyo ziweke ndani ya daftari kubwa, mbali na dirisha.

Huna ubao wa kununua? Kipande cha plaiwudi kinatosha, ila mwombe fundi seremala akurandie upande mmoja unyooke kabisa. Huo mmoja ndio unaouhitaji.

Chanzo cha mwisho ni ubandikaji. Karatasi iliyobandikwa kwa kukisia imeshapinda kabla hujaanza. Lengesha ukingo wa juu wa karatasi na rula T, bandika kona mbili za juu, teremsha rula huku ikiinyoosha karatasi, kisha bandika za chini. Tumia seloteipu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Pini huinua rula inapopita na huacha matundu ubaoni ambayo siku moja sindano ya bikari, kifaa cha kuchorea duara, itatumbukia.

## Karatasi inakuwa nyeusi kabla kazi haijaisha

Hapa pwani dalili hii ina msimu. Kuanzia Desemba joto na unyevu vinapopanda, mkono unatoa jasho, jasho linaokota unga wa penseli, na rula T inausambaza ukurasa mzima.

Chanzo kikubwa ni penseli laini. Risasi ya penseli ni mchanganyiko wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi: udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na mstari mwembamba mkavu, grafaiti ikizidi inakuwa laini na inaacha unga. HB inayouzwa kila duka ni nzuri kwa kuandika, lakini ukijengea mchoro mzima kwa HB umeomba uchafu. Mistari ya ujenzi, yaani ile hafifu ya kupangia mchoro, ichorwe kwa 2H, penseli ngumu, kwa kugusa tu. Mistari ya mwisho ikazwe, yaani ipitiwe tena iwe myeusi, kwa H, ambayo ni laini kuliko 2H. HB ibaki kwa maandishi na vichwa vya mishale.

Baada ya penseli kuna mpangilio wa kazi. Mistari ya kukaza ianzie juu kushuka chini, na kushoto kwenda kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, ili rula na kiganja visirudi juu ya kilichokwisha. Weka karatasi safi chini ya kiganja. Inua setiskwea unapoihamisha badala ya kuiburuta. Futa vifaa kwa kitambaa kikavu kila unapokaa, na mabaki ya ufutio yapeperushe kwa kitambaa au manyoya, usiyapangushe kwa mkono wenye jasho.

Na usichonge penseli juu ya ubao.

## Asubuhi karatasi ina mawimbi

Uliibandika jana ikiwa imenyooka, leo imetuna katikati. Ni unyevu. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, na kona zikiwa zimebanwa haina pa kwenda isipokuwa juu. Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na katika miezi hiyo usiache kazi imebandikwa usiku kucha. Ibandue, iviringe, itie kwenye mfuko wa plastiki, itundike au iweke juu ya kabati. Sakafu ya saruji ni mahali pabaya kuliko pote. Ukiibandika tena, lengesha rula T na mstari mrefu uliokwishauchora, usilengeshe na ukingo wa karatasi.

## Mistari yote inafanana

Mchoro uko sahihi lakini haueleweki. Ukiutazama kwa mbali unaona utando wa mistari ya rangi moja, macho hayajui yashike wapi. Sababu ni kwamba umechora kila kitu kwa uzito mmoja.

Kanuni ya kimataifa ni kuwa na unene wa aina mbili, mnene uwe mara mbili ya mwembamba: mm 0.5 na mm 0.25, au mm 0.7 na mm 0.35. Mnene ni wa kingo zinazoonekana. Mwembamba ni wa mengine karibu yote: vipimo, mistari ya kati, mistari ya kukata sehemu. Kingo zilizofichika huchorwa kwa vikato vifupi, kama mm 3 na nafasi ya mm 1, na mstari wa kati kwa kikato kirefu, kifupi, kirefu. Vikato viguse pale kingo zinapokutana. Kona iliyofichika yenye nafasi wazi katikati humfanya msomaji ajiulize kama kweli kuna kona.

Kama unachora kwa penseli ya kawaida, unene unatokana na ncha. Chonga moja iwe sindano ndefu, nyingine uinoe kwenye msasa iwe bapa kama patasi. Ile ya sindano izungushe taratibu vidoleni unapovuta mstari, la sivyo inaanza nyembamba na kumaliza nene.

Kuna sababu nyingine ya mistari yenye unene usioeleweka, nayo ni mwanga. Umeme ukikatika na taa ya sola ikiwekwa upande wa mkono unaochorea, kivuli cha mkono kinaangukia ukingo wa rula, na penseli inafuata kivuli. Taa ikae upande wa pili, juu kidogo.

## Duara halikutani na mwanzo wake, na matao yana nundu

Bikari nyingi za kwenye mkebe wa hesabu zina bawaba iliyolegea. Ikaze mpaka miguu ikatae kufunguka kwa uzito wake. Sindano iwe ndefu kuliko risasi kwa kiasi kidogo tu, kama nusu milimita hadi moja, maana itazama ndani ya karatasi kiasi hicho. Zikilingana, sindano itateleza. Risasi ya bikari inolewe kwa mshazari, uso ulionolewa ukitazama nje. Shika kichwa cha bikari kwa vidole viwili tu, uiinamishe kidogo kuelekea unakoizungushia. Kama kitovu kimoja kinabeba maduara kadhaa, anza na madogo, kwa sababu tundu la sindano hupanuka kadiri unavyozungusha, na duara kubwa huvumilia tundu pana kuliko dogo.

Hayo ni ya kifaa. Nundu kwenye maungio ya tao na mstari ni suala jingine, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, kwa sababu wanajaribu kulirekebisha kwa jicho.

Tuseme unachora sahani ya chuma yenye kona iliyoviringwa kwa nusu kipenyo cha mm 20. Mwanafunzi huchora mistari miwili hadi kwenye kona, hutafuta mahali pa kuweka sindano kwa kukisia, na hupata tao linalovuka mstari mmoja na kuacha upenyo kwenye mwingine. Dawa yake ni kutokukisia kabisa. Chora mstari sambamba na upande wa kwanza, mm 20 kwa ndani. Chora mwingine sambamba na upande wa pili, mm 20 kwa ndani. Mistari hiyo miwili inapokatana ndipo kitovu. Kutoka kwenye kitovu shusha mstari wenye pembe mraba kwa kila upande, na mahali unapogusa ndipo tao linapoanza na kuishia. Tia alama ndogo kwenye nukta hizo za mguso. Kisha, na hili ndilo linaloondoa nundu, kaza tao kwanza, toka mguso hadi mguso, halafu vuta mistari iliyonyooka kutoka hapo. Kuuelekeza mstari ukutane na tao ni rahisi; kulielekeza tao lifuate mstari uliokwishakazwa ni taabu.

Njia hiyo inafanya kazi hata kona isipokuwa pembe mraba. Matao mawili yakigusana kwa nje, umbali kati ya vitovu ni jumla ya nusu vipenyo vyao. Moja likiwa ndani ya jingine, umbali ni tofauti yao. Na nukta ya mguso siku zote iko kwenye mstari unaopita vitovu vyote viwili. Ukiona nundu, chora mstari huo wa vitovu, utaona wazi umepitiliza mguso kwa kiasi gani.

## Mionekano mitatu haikubaliani

Mionekano ni michoro ya kitu kile kile kikitazamwa kutoka mbele, juu na ubavuni. Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote. Mwonekano wa mbele unasema kitu kina kimo cha mm 50, wa ubavuni unasema 51. Tundu liko katikati kwenye mwonekano wa juu, kwenye wa mbele limesogea. Fundi atakayeushika mchoro huo hana namna ya kujua aamini upi.

Chanzo cha kwanza ni kupima upya kwa rula kila mwonekano. Kila ukipima unaongeza kosa lako dogo. Utaratibu huu wa mionekano inayotazamana aliuweka sawa Mfaransa Gaspard Monge katika karne ya 18, akifundisha kwenye shule ya kijeshi ya Mézières. Ulirahisisha usanifu wa ngome kiasi kwamba jeshi likaufanya siri kwa miaka. Nguvu yake iko hapa: kipimo kikishakaa kwenye mwonekano mmoja, mistari hukipeleka kwenye mingine. Urefu unashuka kwa mistari ya wima kutoka mwonekano wa mbele kwenda wa juu. Kimo kinakwenda kwa mistari ya mlalo kuelekea wa ubavuni. Kina, yaani upana wa mbele-nyuma, kinatoka mwonekano wa juu, kinagonga mstari wa nyuzi 45 uliochorwa kati ya mionekano hiyo miwili, kinageuka kuelekea wa ubavuni. Ukifanya hivyo mionekano haiwezi kupingana. Kwa hiyo ichoreni yote mitatu kwa pamoja, kidogo kidogo. Anayemaliza wa mbele, akaukaza, ndipo aanze wa juu, amejinyima msaada wa mistari hiyo.

Tuchukue mfano wa kushika mkononi. Una kipande cha mti chenye umbo la L: kitako kina urefu wa mm 80, kina cha mm 40 na unene wa mm 20. Upande wa kushoto kimesimama kisigino chenye unene wa mm 20, kimo chote mm 50. Katikati ya sehemu ya kitako iliyobaki wazi kuna tundu la wima lenye kipenyo cha mm 20, limepenya hadi chini.

Mwonekano wa mbele ni umbo la L. Kutoka kwenye kisigino hadi mwisho wa kulia zimebaki mm 60, hivyo kitovu cha tundu kiko mm 50 kutoka kushoto, na kingo zake zilizofichika ni vikato viwili vya wima, mm 40 na mm 60 kutoka kushoto, kuanzia chini hadi kimo cha mm 20. Mwonekano wa juu ni mstatili wa 80 kwa 40, una mstari mnene mm 20 kutoka kushoto, na duara. Hapo wengi hufaulu.

Mwonekano wa ubavuni ndio mtego. Ukikitazama kipande kutoka kushoto, kisigino kinafunika kila kitu. Unaona mstatili mmoja wa 40 kwa 50. Uso wa juu wa kitako uko nyuma yake, kwa hiyo kwenye kimo cha mm 20 kuna mstari wa vikato. Ukikitazama kutoka kulia, ukingo ule ule uko mbele yako, na mstari wa mm 20 unakuwa mnene usiokatika. Tundu limefichika kote kuwili.

Sasa angalia karatasi yako. Kuna njia mbili za kupanga mionekano kwenye karatasi: projeksheni ya pembe ya kwanza na ya pembe ya tatu. Katika pembe ya kwanza, mwonekano wa kutoka kushoto huwekwa kulia kwa mwonekano wa mbele, na mwonekano wa juu huwekwa chini. Katika pembe ya tatu, wa kutoka kushoto hukaa kushoto, na wa juu hukaa juu. Kama mwonekano wa juu uko chini na ule wa kulia una mstari mnene kwenye mm 20, umechanganya: umepanga kwa pembe ya kwanza ukatazama kwa pembe ya tatu. Mstari mmoja tu umekufichulia kosa.

Kuna ukaguzi mwingine wa haraka kwa pembe ya kwanza. Uso wa mbele wa kitu unapaswa kuwa mbali na mwonekano wa mbele: kwenye mwonekano wa juu uko ukingo wa chini, na kwenye wa ubavuni uliowekwa kulia uko ukingo wa kulia. Ukiukuta karibu, mwonekano umegeuzwa.

Ukipewa mchoro wa mtu mwingine, tafuta alama ya pia (umbo la koni) iliyokatwa kichwa, kwa kawaida karibu na jina la mchoro. Maduara mawili yakiwa upande wa kichwa kipana cha pia, ni pembe ya kwanza. Yakiwa upande wa kichwa chembamba, ni pembe ya tatu. Ulaya kwa sehemu kubwa hutumia ya kwanza, Marekani ya tatu. Kijana wa Mtwara anayetarajia kufanya kazi bandarini, kwenye kiwanda cha saruji au mitambo ya gesi ya Madimba atashika vitabu vya mashine kutoka nchi mbalimbali, hivyo alama hii si ya mtihani peke yake.

Na kama bado huoni kitu kichwani, kichonge. Sabuni ya mche ikikatwa kwa kisu inatoa umbo la L kwa dakika chache. Kishike usawa wa macho, funga jicho moja, zungusha. Simfichi mtu: ninawaamini zaidi wanafunzi wanaochonga sabuni kuliko wanaokariri mpangilio wa mionekano.

## Isometriki imepinda kama imekanyagwa

Isometriki ni mchoro mmoja unaoonyesha pande tatu za kitu kwa pamoja. Mihimili yake ni mitatu: mmoja wa wima, na miwili inayopanda nyuzi 30 kutoka mlalo, kushoto na kulia. Urefu unapimwa juu ya mihimili hiyo au sambamba nayo. Mistari mingine yote haipimwi. Hilo likisahaulika, kitu kinapinda.

Chukua kabari la kuzuia mlango: urefu mm 100, kimo mm 40. Mteremko wake halisi ni karibu mm 108. Mwanafunzi huchukua kipimapembe, hupima pembe ya mteremko, huvuta mm 108, na kabari linakataa kufunga. Kwenye isometriki mteremko ule ule utatoka kama mm 87 au kama mm 125, kutegemea kichwa kinene kimeelekezwa wapi. Yote mawili ni sahihi. Weka mm 100 kwenye mhimili wa mlalo, mm 40 kwenye wa wima, kisha unganisha ncha. Kipimapembe kirudishe kwenye mkebe.

Duara nalo halichorwi kwa duara, linakuwa duaradufu. Chora rombasi yenye pande sawa na kipenyo, sambamba na mihimili. Kutoka kwenye kila kona butu vuta mistari kwenda katikati ya pande mbili zinazoikabili. Kona butu ni vitovu vya matao makubwa, na mistari hiyo inapokatana ni vitovu vya madogo. Kama duaradufu limelala vibaya, kagua mhimili wake mrefu: lazima ukae pembe mraba na mhimili wa tundu. Tundu la wima kwenye uso wa juu, basi duaradufu limelala mlalo kabisa.

## Mchoro ni safi lakini fundi anarudi kuuliza

Seremala anakutazama na kusema, "Mwalimu, huu mlango wa mia na tano ni wa chumba gani?" Umechora mlango wa 2100 kwa 900 kwa skeli ya 1:20, yaani mara ishirini ndogo kuliko halisi, ukapata 105 kwa 45 kwenye karatasi, ukaandika ulichopima. Skeli inabadilisha mistari, haibadilishi namba. Namba ni ya kitu chenyewe siku zote, kwa milimita, na neno "mm" halirudiwi kwenye kila kipimo.

Anaweza kuuliza pia tundu lianzie wapi. Tundu hupimwa hadi kwenye kitovu, pamoja na alama ya Ø mbele ya kipenyo. R ni alama ya nusu kipenyo cha tao. Anaweza kukuta matundu manne yamepimwa kwa mnyororo, la kwanza kutoka ukingoni na kila jingine kutoka kwa lililotangulia, na akikosea milimita moja kila hatua, la nne limeshahama mm 4. Pima yote kutoka ukingo mmoja. Na kipimo kisiandikwe mara mbili, kwa sababu siku utakapokibadilisha utabadilisha sehemu moja na kusahau ya pili.

Mstari wa kipimo ukae kama mm 10 kutoka kwenye umbo, mistari inayoubeba iache upenyo mdogo isiguse umbo, na kichwa cha mshale kiwe chembamba, kama mm 3. Maandishi yachorewe mistari miwili hafifu ya kuongoza, yote kimo kimoja. Ukiiacha mistari hiyo, hata mchoro mzuri utaonekana wa haraka.

Mwisho kuna duka la kutoa kopi. Mchoro wa A3 ukitolewa kwenye A4 unapungua hadi asilimia 71 hivi, na mstari wa mm 100 unatoka mm 71. Fundi akiweka rula juu ya kopi hiyo ameshapotea, hata kama ulichora kwa uaminifu wote. Chora kona ya chini mstari wa mm 100 ulioandikwa urefu wake, ili yeyote atakayeshika kopi aupime huo kwanza, na umwambie asome namba zako badala ya kupima mistari.